Miaka Yangu ya Busaa na Mtungi Mmoja wa Muratina

Siku ya kwanza nilipoanza kazi ya kupika pombe ya busaa sikuruhusiwa hata kuikaribia. Nilifika klabuni asubuhi, nje kidogo ya mji wa Kitale, nikiwa nimejifunga leso mpya na nimejiandaa kuonyesha ujuzi. Mwenye klabu, mama mnene wa Kachibora ambaye kila mtu alimwita Meneja, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni kisha akanionyesha mapipa matupu yaliyopangwa ukutani. Nikaambiwa niyaoshe. Niliyaosha kwa maji na mchanga, nikayasugua kwa magunzi mpaka mikono ikaniwaka. Nilipomaliza, Meneja aliinama akaingiza kichwa chote ndani ya pipa la kwanza, akanusa, akatoka na kusema nirudie.

"Mama Wekesa, pombe haisahau," aliniambia. "Uchafu wa jana ukibaki humu, kesho wateja watauonja."

Nikarudia. Siku nzima sikuona tone la busaa isipokuwa lile lililomwagika kwenye meza za wateja.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Siku hizo busaa iliuzwa kwenye klabu zenye leseni, na klabu ya Meneja ilikuwa nayo, imewekwa kwenye fremu juu ya mlango. Mimi nilitoka Naitiri. Nilikuwa mama wa watoto waliokaribia kuwa watu wazima, na busaa nilikuwa nimefundishwa na mama yangu kama msichana yeyote wa Kibukusu wa rika langu. Nilidhani naijua. Mume wangu, Baba Wekesa, alikuwa mkulima na mfugaji wa nyuki, na zaidi ya hayo alikuwa mzee wa kanisa. Tangu kuzaliwa hakuwahi kuonja kileo chochote. Nilipomweleza kwamba nimepata kazi ya kupika pombe Kitale, alimaliza kula kwanza, kisha akanawa mikono.

"Watoto wanahitaji karo, na mahindi peke yake hayatoshi," alisema mwishowe. "Sitakuzuia. Lakini ile harufu usiniletee ndani ya nyumba."

Basi tukaishi hivyo. Nilipanga chumba Kitale, na kila nilipopata ruhusa ya kwenda nyumbani nilibadilisha nguo kwenye ghala la mahindi kabla ya kuingia. Kazi yangu hatukuizungumza. Nilirudi na sukari na vitabu vya watoto, yeye akashukuru, tukaomba, tukalala.

Vijana wengi leo wananiuliza busaa ilipikwaje, kwa hiyo nieleze. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji mpaka ushikane, halafu hufunikwa ili uchachuke. Baada ya siku chache huo unga huwa na harufu kali inayokufika kabla hujafungua mlango. Ndipo unawashwa moto chini ya bati kubwa, na ule unga unakaangwa na kugeuzwa kwa koleo bila kupumzika, mpaka uwe chengachenga za rangi ya kahawia. Zikianikwa zikakauka vizuri, unaweza kuziweka kwenye gunia na kuzitumia wiki nyingine. Upande wa pili unaandaa kimea. Hiyo ni mbegu ya wimbi iliyoloweshwa, ikaoteshwa ndani ya gunia lenye unyevu, ikaanikwa juani na kusagwa. Kimea ndicho kinachogeuza uji kuwa pombe. Chenga, maji na kimea vinakutana ndani ya pipa, na kutoka hapo kazi si yako tena. Kazi yako ni kusubiri na kusikiliza.

Kitale kuna baridi. Hilo ndilo somo la kwanza nililopata baada ya kuosha mapipa. Kule kwetu pombe ya mama yangu iliiva upesi, lakini Kitale ilichelewa na kununa kama mgeni aliyekosewa heshima. Tuliyafunga mapipa kwa magunia na blanketi kuukuu, na asubuhi za Julai tuliwasha jiko la makaa katikati ya chumba cha pombe ili hewa ipate joto. Usiku wa baridi uliweza kuharibu kazi ya wiki nzima.

Meneja hakukubali kuambiwa kwamba pombe imeiva. "Usiniambie imeiva," alikuwa akisema. "Niambie umejuaje." Basi tukajifunza kujieleza. Povu limepanda likashuka. Sauti imepungua. Chenga zimezama. Ukichovya kidole ukalamba, utamu unatangulia, uchachu unafuata, na mwishoni kuna ladha ya kuchomeka kidogo, ile inayotoka kwenye bati.

Mara ya kwanza kunipa nafasi ya kukaanga, niliogopa kuunguza. Nikatoa unga ungali mweupe. Meneja alichukua chenga kiganjani akazipeleka mlangoni penye mwanga.

"Huu unga umeuona moto, ama umeusikia tu?" aliniuliza.

Wenzangu walicheka mpaka wakashika kuta. Ule unga wote walipewa nguruwe wa Meneja kule Kachibora, na mimi nikarudishwa kwenye kuosha mapipa. Nilikasirika. Usiku huo nilijiambia narudi Naitiri kuvuna maharagwe. Asubuhi nikajikuta nimetangulia kufika kazini kuliko wote, nimewasha moto, nimesimama mbele ya bati na koleo mkononi. Meneja akafika. Alivuta kigoda akaketi karibu nami mpaka nilipomaliza, kisha akatwaa chenga chache akazitafuna polepole kama njugu, na akaenda zake. Kwa Meneja hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Nilifanya kazi pale miaka kadhaa. Mwanangu Wekesa, aliyekuwa fundi wa matrekta mjini Kitale, alikuwa akija kunisalimia wakati wa chakula cha mchana. Nilifikiri anakuja kwa ajili yangu. Njoki, binti wa Meneja, ndiye aliyeshughulikia jiko la nyama pale klabuni, na niliona tu kwamba sahani ya Wekesa ilikuwa ikijaa kuliko za wengine.

Halafu klabu moja ya Bungoma ikatafuta mpishi mkuu, na Meneja mwenyewe akanipendekeza. Nilidhani ananifukuza. Alinicheka. Akasema mtu akiisha kujua kazi, kumweka chini yako ni kumnyima mshahara wake.

Bungoma nilipokelewa na Mwenyekiti. Huyu alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya serikali, mwembamba, mwenye tai hata siku za joto. Klabu ile ilikuwa ya wanachama, na yeye aliiendesha kama wizara. Kibanda changu cha kupikia alikiita Idara ya Uzalishaji, na mimi nikawa Mkuu wa Idara. Kila Jumatatu tulikuwa na mkutano wa wakuu wa idara. Wakuu walikuwa wawili: mimi na mzee wa kufagia.

Nilipika busaa yangu ya kwanza Bungoma vilevile nilivyozoea Kitale, nikayafunga mapipa blanketi, na nikaharibu kila kitu. Bungoma kuna joto. Pombe ilikimbia, ikapita kuiva, ikawa chachu ya kukunja uso. Mwenyekiti aliniita ofisini.

"Mkuu wa Idara," alisema, akirekebisha tai, "wanachama wanasema jana walikunywa siki. Sasa mimi niwajibu nini bana?"

Nilimwomba awajibu kwamba Mkuu wa Idara alikuwa bado anafikiria yuko Kitale. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nikatoa blanketi, nikachimba shimo nikafukia mapipa nusu kwenye udongo wa kivulini, nikapunguza kimea, na nikaanza kukoroga jioni badala ya asubuhi. Pombe ikatulia. Tangu hapo nimewaambia watu kwamba mapishi hayasafiri peke yake. Lazima uyafuate, uyaulize mahali papya yanapaonaje.

Klabu ya Kitale iliuza busaa iliyochujwa, kwa vikombe. Bungoma wazee walitaka mtungi. Hapo pombe haichujwi. Mtungi unawekwa katikati, wazee wanauzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kidogo kilichosukwa kwenye ncha, na mpishi anakuja mara kwa mara kuongeza maji ya moto. Mtungi mzuri unapokea maji mara nyingi na bado una ladha. Hapo ndipo mpishi anapopimwa. Na ukifika mwezi wa Agosti wa mwaka wa tohara, hakuna aliyelala Bungoma. Kila boma lenye kijana wa kutahiriwa lilihitaji busaa, na mimi niliombwa kwa Mwenyekiti kama jembe la kuazimwa. Nilitembea kutoka boma hadi boma, njuga zikilia barabarani, vijana wakiimba, mimi nikionja mitungi ya watu na kusema ongeza hiki, acha hicho. Sijawahi kuchoka kwa furaha kama nilivyochoka Agosti hizo.

Katika mwaka mmoja kama huo ndipo Wekesa alipokuja Naitiri na kutuambia kwamba anataka kumwoa Njoki.

Mimi nilifurahi mpaka nikasahau sufuria jikoni. Baba Wekesa naye alifurahi, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba ile familia ni ya watu wa kanisa. Wazee wa pande zote wakakutana, wakaongea mambo yao. Kisha familia ya Njoki ikasema jambo moja ambalo kwao halina mjadala. Siku ya kupeleka mahari, upande wa mvulana uje na pombe ya muratina. Watu wao walihamia Kachibora zamani kutoka Kenya ya kati, wakaacha mengi kule, lakini hilo hawakuliacha. Bila muratina wazee hawana cha kumwaga chini wala cha kubariki nacho.

Muratina sikuijua. Ni pombe ya asali na maji ya miwa, na kinachoivisha ni tunda la mti fulani, refu na gumu kama gogo. Nilipanda gari mpaka Kitale nikamwone Meneja anifundishe. Alinipikia chai, akaniulizia Bungoma, akacheka habari za Mwenyekiti. Nilipofika kwenye muratina akaweka kikombe chini.

"Kwa hii maneno, mimi si Meneja," alisema. "Mimi ni mama ya msichana. Pombe ya kumchukua msichana wangu, si mimi nitakufundisha kupika."

Nilielewa. Hata kwetu mwenye kupokea haendi kusaidia kubeba. Lakini niliondoka pale na moyo mzito, maana nilijua vizuri ulimi utakaoonja kazi yangu.

Sokoni Kitale kulikuwa na mzee aliyeuza ugoro, asali na dawa za mifugo. Watu wote walimwita Guka, yaani babu. Alikuwa na matunda ya muratina yaliyokauka, yamening'inizwa kwa kamba. Nikamweleza shida yangu. Alinieleza kila kitu kwa subira. Tunda hupasuliwa katikati, huchemshwa, hukaushwa mpaka nyama yake iwe kama sifongo. Lakini tunda jipya ni jinga, halijui kazi. Unalilowesha kwenye asali na maji kidogo mpaka litoe povu, unalianika, unalilowesha tena, unalianika tena. Hamira inaingia na kulala ndani ya zile nyuzi. Tunda likishafundishwa hivyo, familia hulitunza kwa miaka.

Nilikuwa nimeshamshukuru na kugeuka niondoke, Guka akanirudisha.

"Na nani atapika?" aliuliza.

Nikamwambia ni mimi, kwani ndiyo kazi yangu.

"Hapana, mama. Pombe ya mahari inapikwa na baba ya kijana. Mikono yake. Wewe unaweza kuonja, unaweza kusema, lakini usiguse. Siku hiyo mtaulizwa ni nani alipika, na hapo huwezi danganya wazee."

Niliyanunua yale matunda, nikarudi Naitiri nimeyabeba kichwani kama mzigo wa mawe. Nilimkuta Baba Wekesa kwenye mizinga yake, anarina asali. Nikangoja amalize. Nikamweleza yote, bila kuacha hata neno moja la Guka. Alifunika ndoo ya asali na kuikalia.

"Kwa hiyo Wekesa hapati mke mpaka mimi nipike pombe," alisema.

"Ndivyo ilivyo, Baba Wekesa."

Aliinuka, akaibeba ndoo mpaka ghalani. Jumapili, baada ya ibada, wazee wa kanisa walibaki kwenye kikao chao, naye akawaeleza mbele ya wote kile alichoombwa. Nasikia walibishana sana. Mmoja alisema ni dhambi, mwingine akasema kupika si kunywa, wa tatu akauliza kama Wekesa hawezi kupata msichana mwingine. Mwishowe waliamua kwamba akiamua kupika, akae kando na uzee wa kanisa kwa muda, ili vijana wasichanganyikiwe. Yeye ndiye aliyekuwa akitunza funguo za kanisa, na alikuwa amezitunza tangu paa lilipoezekwa. Alizitoa mfukoni, akaziweka mezani, akawaaga kwa adabu.

Nilimwona akija kwenye njia ya mahindi, amevaa koti lake la Jumapili, mfuko umelegea upande mmoja pale funguo zilipozoea kukaa. Nilitaka kumwambia pole. Hakunipa nafasi.

"Kinu kiko wapi?" aliuliza. "Ile miwa inahitaji kutwangwa, si ndiyo?"

Basi nikawa mwalimu wa mume wangu. Nilikaa kwenye kigoda, nimeikunja mikono ili isije ikatoroka ikashika kitu, nikawa natoa maelekezo kwa mdomo. Alimenya miwa, akaitwanga, akaikamua kwa kitambaa, akachanganya na asali yake. Aliyalowesha na kuyaanika matunda yetu kama Guka alivyosema, kisha akayatumbukiza ndani ya mtungi kwa uangalifu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kwa vile hakuonja, mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake. Mtungi wa kwanza uligeuka siki. Wa pili ulilala tu, ukabaki maji matamu ya kuvutia nzi. Miwa ya shamba ilikuwa inapungua na siku ya mahari inakaribia. Niliwaza kuushika mtungi wa tatu mwenyewe, maana nani angejua? Nilimtazama pale alipokuwa ameinama, jasho likimtiririka shingoni, nikaona aibu ya hilo wazo.

Yeye ndiye aliyepata jibu. Alisema kosa ni la joto. Alisema nyuki wakipata baridi usiku mmoja na joto usiku wa pili, hawafanyi kazi, na huyu mdudu wa muratina huenda ana tabia hiyohiyo. Akauzungushia mtungi nyasi kavu, kama anavyofunika mizinga wakati wa mvua, akauweka mbali na mlango na karibu na jiko, na juu yake akafunika lile koti lake la Jumapili, kwa kuwa halikuwa na kazi nyingine kwa sasa. Keshoye asubuhi alitega sikio kwenye mtungi. Akaniita kwa mkono.

"Sikia," alisema. "Unalia kama mzinga unaotaka kuhama."

Nilisikia. Niliingiza kibuyu kidogo nikaonja, na yeye akanitazama usoni kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Ilikuwa na utamu wa asali kwa mbali, ikakauka mdomoni, ikapasha kifua moto. Nilikuwa nimeonja pombe maisha yangu yote na sikuwa na la kuongeza. Nilimwambia imeiva. Akauliza nimejuaje. Nilicheka mpaka nikalazimika kuketi chini.

Tulienda Kachibora kwa pikapu mbili, moja ya watu na nyingine ya mitungi. Mbali na muratina nilikuwa nimeandaa mtungi wa busaa wa kwetu, na mirija, kwa sababu wazee wetu walikuwa wamesema hawawezi kwenda kwa watu bila chao. Sisi wanawake tulipelekwa upande wa jikoni, alikokuwa Meneja na dada zake. Wazee wa pande zote waliketi sebuleni, madirisha yako wazi, na sisi jikoni tulitega masikio.

Muratina ilimiminwa kwenye pembe ya ng'ombe. Baba yake Njoki, mzee mpole wa kofia, aliinuka akauliza ni nani aliyeipika. Tukasikia sauti ya Baba Wekesa ikisema ni yeye. Yule mzee akamshukuru, akamkabidhi pembe. Kwao, aliyepika hunywa kwanza mbele ya wenyeji, waone kwamba aliyoileta ni salama.

Hilo Guka hakuwa ametuambia. Nilishika meza. Kupitia dirishani nilimwona Baba Wekesa amesimama na pembe mkononi, na wazee wetu wanatazama chini. Wote walijua. Kama angeinywa, angevunja kitu alichokishika tangu utoto. Kama angekataa, mahari ingeharibika mbele ya wakwe. Wekesa alikuwa amefumba macho.

"Wazee wangu," alisema Baba Wekesa, "hii pombe nimeipika kwa mikono yangu, kama desturi yenu inavyotaka, na kwa ajili yake nimeacha kiti changu kanisani. Lakini kinywa changu nilimwahidi Mungu nikiwa mtoto, na ahadi hiyo siwezi kuivunja hata kwa mwanangu. Mke wangu ameionja kila siku ilipokuwa ikipikwa. Naomba anywe yeye kwa niaba yangu."

Sebuleni wazee walitazamana. Kisha wakaanza kunong'ona kwa Kikikuyu, na mnong'ono ukapanda. Mzee mmoja alikuwa anatikisa kichwa. Ndipo Meneja aliyekuwa kando yangu alipoweka chini kisu cha viazi, akaenda mpaka kwenye mlango wa sebule, mahali ambapo mwanamke hakutakiwa kusimama siku hiyo.

"Samahani, wazee," alisema. "Siku ya harusi kanisani mnatuambia bwana na bibi ni mwili moja. Sasa leo mdomo yao imekuwa mbili?"

Baba yake Njoki alimtazama mkewe. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka ambacho kiliwavuta wengine mmoja baada ya mwingine, hata yule wa kutikisa kichwa. Akaagiza niitwe.

Niliingia na aproni yangu. Baba Wekesa aliniwekea pembe mikononi kwa mikono yake miwili. Nilikunywa mbele ya wazee wote wa Kachibora na wote wa Naitiri, sikuharakisha, na nilipomaliza nikaipindua pembe kuonyesha kwamba ni tupu. Ikajazwa tena. Baba yake Njoki alimwaga kidogo chini, akasema maneno ya baraka, akaonja. Alikaa na ile ladha mdomoni kwa muda. Kisha akampa wa pembeni yake, na yule akampa wa pembeni yake, na pembe haikurudi mezani ila kwa kujazwa.

Nilipotoka, Meneja alikuwa ananingoja jikoni na kikombe chake mwenyewe alichokuwa ameshakichovya mtungini. Alionja bila haraka, kama zamani.

"Nani alimfundisha?" aliuliza.

Nikasema nilimfundisha kwa mdomo, lakini joto amelijua mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akanywa mpaka mwisho, akaniambia kwamba amekuwa akisali tusishindwe, na kwamba kuninyima msaada kulimnyima usingizi yeye zaidi yangu. Tulishikana mikono pale katikati ya maganda ya viazi.

Jioni mtungi wa busaa uliwekwa uani. Wazee wa Kachibora walipewa mirija, wakaucheka urefu wake, na baada ya muda hakukuwa na nafasi ya kupitisha mguu pale. Mimi nilikuwa narudi na birika la maji ya moto mara kwa mara. Mtungi ulipokea maji mpaka jua likazama.

Baada ya harusi, wazee wa kanisa walikuja nyumbani na funguo. Waliimba kwanza, wakanywa chai, ndipo wakazitoa. Yule aliyesema ni dhambi ndiye aliyezikabidhi.

Niliendelea na kazi Bungoma mpaka macho yakaanza kunisumbua. Moshi wa bati una deni lake, na mpishi yeyote wa busaa atakuambia. Mwenyekiti alinifanyia mkutano wa kuagana wenye ajenda, na mzee wa kufagia akasoma hotuba kwa niaba ya idara zote. Nikarudi Naitiri kulima. Siku hizi naona vijana wengine wanapika kwa sukari na hamira ya dukani ili iwe tayari upesi, na sishangai wanapoamka na vichwa vinavyouma. Kazi hii haikunifanya tajiri, lakini ilisomesha watoto, na ilinifundisha kuwa watu waliokunywa kutoka mtungi mmoja huona haya kugombana kesho yake. Nimeyaona hayo Kitale, nimeyaona Bungoma, nimeyaona Kachibora.

Mtoto wa kwanza wa Wekesa na Njoki alikuwa msichana. Kwa desturi ya kina Njoki, binti wa kwanza huchukua jina la mama wa mume. Kwa hiyo kuna Nasimiyu mwingine sasa zaidi yangu. Siku ya kumpa jina walikuja Naitiri, na Njoki akasema busaa atapika yeye, mimi nisiingie jikoni. Nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mwishowe Baba Wekesa alinivutia kiti karibu na mtungi, akaketi kando yangu na kikombe chake cha chai, na Njoki akanipa mrija.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeonja kwa kidole, kwa kibuyu, kwa kikombe, nimesimama. Kuketi kwenye mduara na kunywa kama mgeni sikuwa nimewahi. Nilivuta. Chenga zilikuwa zimekaangwa kidogo kupita kiasi, na kimea kilipungua kwa kiganja kimoja. Njoki alikuwa amesimama mbele yangu na mtoto mgongoni, ananingoja, na nyuma yake mama yake naye ananitazama.

"Mama, iko sawa?" Njoki aliuliza.

Nikamwambia alete maji ya moto, mtungi huu bado una safari.